Kikundi cha ubora shuleni: mwongozo wa wiki 12 kwa walimu wa Lubumbashi

Mkutano wa walimu katika shule nyingi za komini za Katuba, Kenya au Ruashi una sura moja: direkta anasema, walimu wanaandika, kengele inalia, kila mtu anaenda zake. Kikundi cha ubora ni kitu kingine. Ni walimu 6 hadi 8 wa kazi inayofanana, wanaokutana kwa hiari yao dakika 45 kila wiki, wakashika tatizo moja dogo la kazi yao wenyewe, wakalihesabu, wakatafuta mzizi wake, wakajaribu dawa, kisha wakahesabu tena. Neno zito hapo ni kuhesabu. Kikundi kisichohesabu ni baraza la malalamiko, na mabaraza hayo tunayo ya kutosha.

Wazo lenyewe lilitoka viwandani. Mwaka 1962, huko Japani, Kaoru Ishikawa na chama cha wanasayansi na wahandisi kinachoitwa JUSE walianza kuwakusanya wasimamizi wa kazi, yaani makapita, na wafanyakazi wao wasome pamoja na kurekebisha makosa ya kazi yao, kwa sababu anayeshika mashine huona kasoro ambazo mhandisi wa ofisini hazioni. Mji uliokulia kando ya tanuru la shaba hauhitaji kuelezwa kapita ni nani. Marekani iliiga, Lockheed ikiwa kati ya kampuni za kwanza, mwaka 1974. Miaka kumi na kitu baadaye vikundi vingi huko vilikuwa vimezimika: wakubwa walivianzisha kwa amri, halafu hawakujibu mapendekezo. Kwa upande wa elimu, shule ya City Montessori ya mji wa Lucknow, India, iliingiza wazo hili darasani miaka ya 1990, ikawapa hata wanafunzi vikundi vyao.

Kabla ya kikao cha kwanza

Anzeni na direkta, lakini msimfanye mwanachama. Akikaa ndani, walimu watatafuta jibu analolipenda. Mwombeni mambo matatu tu: ruhusa ya dakika 45 kwa wiki, ahadi ya kujibu kila pendekezo kwa maandishi ndani ya siku 14 (hata jibu likiwa "hapana, kwa sababu hii"), na ahadi kwamba hesabu za kikundi hazitaingia kwenye faili la mwalimu yeyote. Ahadi ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayobeba nyingine. Siku namba za kikundi zitakapotumika kumhukumu mwalimu, namba zitaanza kusema uongo.

Kama shule yenu ina unité pédagogique (mkutano wa walimu wa kuandaa masomo pamoja) inayofanya kazi, msiunde chombo cha pili. Tumieni watu wale wale, ila siku ya kikundi fiche za maandalizi na masomo ya mfano yabaki kabatini.

Wanachama wawe na jambo la kufanya pamoja: walimu wa darasa la 4, la 5 na la 6, kwa mfano, au walimu wote wa hesabu wa darasa la 7 na la 8. Chini ya watu 5, wawili wakiugua hakuna kikao. Zaidi ya 10, watatu wanasema na wengine wanaangalia simu. Chagueni kiongozi, mwandishi na mtunza saa, na kiongozi abadilike kila mzunguko. Mtu wa nne ni mwezeshaji, yaani mwalimu anayejua hatua hizi. Kazi yake ni kuuliza, si kujibu.

Mahali ni swali la kweli katika shule zenye watoto wa asubuhi na wa mchana, kwa sababu darasa likitoka la kwanza linaingia la pili. Chini ya mwembe panatosha mwezi wa 9 na wa 10. Mvua zikianza mnahitaji paa, basi tafuteni chumba tangu mwanzo, hata kikiwa stoo.

Vifaa: daftari moja nene la kumbukumbu, kalamu za rangi 3, rula, na karatasi kubwa 10. Karatasi zikikosekana, pasueni mfuko wa simenti: tabaka la ndani ni safi, gumu, na halichaniki ukilining'iniza. Maharagi mkono mmoja kwa ajili ya kupiga kura.

Lugha ya kikao iwe ile ambayo aliye mkimya kuliko wote anaisema bila kujipima. Hapa kwetu hiyo ni Kiswahili, hata kama daftari litaandikwa Kifaransa kwa ajili ya inspekta.

Wiki ya 1 hadi ya 3: kupata tatizo moja

Wiki mbili za kwanza ni za kujipanga: siku, saa, jina la kikundi, na kanuni tano zisizozidi ukurasa mmoja. Msizirefushe. Ikiwa shule inafungua Jumatatu ya kwanza ya Septemba, anzeni wiki ya tatu ya mwezi huo. Mtamaliza mzunguko kabla ya likizo ya Noeli.

Wiki ya 3, kila mtu atoe tatizo moja kwa zamu, akizunguka meza kutoka kulia. Asiye nalo anasema "napita". Hakuna kujibu, hakuna kucheka, hakuna "hilo tulishalisema". Mwandishi anaandika maneno yalivyotamkwa. Baada ya mizunguko mitatu mtakuwa na matatizo 15 hadi 25.

Sasa kila tatizo lipewe herufi. A ni lile ambalo kikundi chenyewe kinaweza kulitibu. B linahitaji mtu mwingine wa shule: direkta, mlinzi, kamati ya wazazi. C liko nje kabisa: mshahara, ukubwa wa darasa, paa, umeme wa SNEL. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yalijaa, na kila mwalimu ana haki ya kulisema hilo kwa sauti. Lakini mzunguko wa kwanza unachukua A tu. Kikundi kinachoanza na C kinavunjika kabla ya wiki ya 6.

Kati ya matatizo ya A, kila mwanachama agawe punje 3 za maharagi anavyotaka. Lenye punje nyingi ndilo lenu. Kisha liandikeni kwa namna inayoweza kuhesabiwa. "Watoto ni wavivu" haihesabiki. "Wanafunzi wa 5A hawaleti kazi ya nyumbani ikiwa imekamilika" inahesabika. Tutaendelea na mfano huo hadi mwisho. Namba zake ni za kuonyesha njia, si za shule fulani.

Wiki ya 4 hadi ya 6: hesabuni kabla ya kubishana

Waulizeni walimu kwa nini kazi za nyumbani hazifanyiki, mtapata jibu kwa dakika moja: delestaji (umeme kukatwa kwa zamu), wazazi hawafuatilii, watoto wanatumwa sokoni. Huenda ni kweli. Liandikeni jibu hilo, mlifunike, mkahesabu.

Chukueni ukurasa wa daftari. Sababu ziandikwe kushuka, moja kila mstari; siku ziende kulia, kila moja na safu yake. Kila asubuhi mwalimu anapita na kuweka mkato mmoja kwa kila kazi isiyofanyika au iliyofanyika nusu. Mkato wa tano unavuka minne ili kujumlisha kuwe rahisi. Sababu isiandikwe kwa kumsikiliza mtoto peke yake: fungua daftari lake uone. Mtoto aliyeulizwa mbele ya wenzake husema "umeme ulikatika", kwa sababu jibu hilo halina aibu. Daftari linasema zaidi. Ukikuta zoezi limenakiliwa mistari miwili kati ya mitano, au 48 imeandikwa 84, basi umeme hauhusiki.

Katika wiki hizo tatu pasiwe na adhabu kwa kazi isiyofanyika. Hili huwakera walimu, lakini ukichapa au ukipunguza alama utapata madaftari yaliyonakiliwa kwa jirani saa moja asubuhi, na hesabu yako itakuwa nzuri na haina faida.

Hesabuni pia 5B, darasa ambalo hamtalibadilisha chochote. Oktoba bado kuna jua; jaribio lenu litaangukia mvua za Novemba na Desemba, watoto watalowa, wengine hawatakuja. Bila 5B hamtajua kama mabadiliko yametoka kwenu au mawinguni.

Tuseme 5A ina wanafunzi 48, kazi 4 kwa wiki, wiki 3. Zilizotarajiwa ni 576. Zisizokamilika ni 230, karibu 40 kwa mia. Zipangeni kuanzia kubwa:

Zoezi limenakiliwa vibaya au nusu: 97
Daftari limesahauliwa nyumbani: 42
Somo halikueleweka: 38
Hakukuwa na mwanga jioni: 31
Kazi za nyumbani, soko, kuchota maji: 15
Mengineyo: 7

Chorani nguzo sita kwenye mfuko wenu wa simenti, ndefu kushoto, fupi kulia, na juu yake mstari unaojumlisha: 42 kwa mia, kisha 60, kisha 77. Sababu tatu zinabeba zaidi ya robo tatu ya mzigo. Huo ndio mchoro wa Pareto. Sasa funueni lile jibu la dakika moja. Katika mfano huu, mwanga na soko pamoja ni 46 kati ya 230. Si uongo, lakini si mzizi.

Wiki ya 7: mfupa wa samaki

Mchoro huu ni wa Ishikawa mwenyewe, na unahitaji samaki mwenye mfupa. Kapenta hafai, analiwa mzima. Mfikirie samaki mkubwa wa Kasenga aliyekwisha kuliwa upande mmoja. Uti wa mgongo unalala katikati ya karatasi, kichwa kulia. Ndani ya kichwa andikeni tatizo pamoja na namba yake: "Zoezi limenakiliwa vibaya, mara 97 kati ya 230, 5A, Oktoba". Kichwa kisicho na namba hubeba kila kitu, na mwishoni mnajikuta mnazungumzia serikali.

Mifupa mikubwa iwe mitano: mwalimu, mwanafunzi, ubao na vifaa, ratiba, ukaaji darasani. "Nyumbani" tumeuacha kwa makusudi, kwa sababu kunakili hufanyika shuleni. Zunguka tena kwa zamu, kila mtu sababu moja, ichorwe kama mwiba kwenye mfupa wake. Dakika 25 zinatosha.

Kisha chukueni miiba miwili au mitatu inayoonekana mizito, muulize "kwa nini" hadi mfike chini:

Kwa nini zoezi ni nusu? Mtoto hakumaliza kunakili.
Kwa nini? Kengele ililia.
Kwa nini ililia kabla hajamaliza? Zoezi liliandikwa ubaoni dakika 4 kabla.
Kwa nini dakika 4? Mwalimu huliandika somo la mwisho likiisha, na somo la mwisho hupita muda wake.
Kwa nini? Kazi ya nyumbani haina nafasi yake kwenye ratiba ya siku.

Simameni mnapofika kwenye jambo mnaloweza kubadilisha Jumatatu ijayo. Mkijikuta kwenye "kwa sababu nchi haina pesa", rudini hatua moja nyuma. Mlipita mlango bila kuuona. Na jibu likiwa jina la mtu, hamjafika. "Kwa sababu mwalimu fulani ni mzembe" si mzizi, ni mahali ambapo kikundi kimechoka kuuliza.

Wiki ya 8: thibitisheni, kisha pangeni

Mfupa wa samaki ni dhana tu. Vikundi vingi huruka hatua hii na kutibu ugonjwa ambao haupo. Uthibitisho wa mfano wetu unachukua siku mbili. Mwenzako mmoja akae nyuma ya 5A dakika 20 za mwisho akiwa na saa: zoezi limeanza kuandikwa saa ngapi, kengele saa ngapi. Kengele ikilia, achukue madaftari 15 kabla watoto hawajatoka (5 ya mbele, 5 ya katikati, 5 ya nyuma) na kuyalinganisha na ubao. Kama 2 tu yana kosa, dhana yenu imeanguka. Rudini kwenye mfupa. Kama ni 7, na 4 kati ya hayo ni ya madawati ya nyuma, mmepata mzizi na tawi lake: wa nyuma hawaoni sehemu ya chini ya ubao, hasa wanapokaa wanne kwenye dawati la watu wawili.

Mpango uandikwe kwa safu tano: kitu gani, nani, lini, wapi, tutajuaje. Kwa mfano huu:

Zoezi liandikwe mara tu baada ya mapumziko, kwenye robo ya juu kulia ya ubao, lizungushiwe mstari na lisifutwe hadi mwisho wa siku. Dakika 10 kabla ya kengele, watoto wabadilishane madaftari na jirani na kusahihishana namba kwa namba, dakika 3. Mwalimu apite safu mbili za nyuma tu. Mhusika ni mwalimu wa 5A. Mwandishi wa kikundi anakusanya hesabu kila Ijumaa.

Dawa mbili au tatu, zisizidi. Ukibadilisha mambo saba kwa pamoja na hali ikapona, hujui kilichoponya.

Wiki ya 9 hadi ya 11: jaribio

Karatasi ile ile ya kuhesabia, wiki tatu, kazi 12, watoto wale wale. Siku tatu za kwanza huwa mbaya kuliko zamani, kwa kuwa utaratibu ni mgeni na kubadilishana madaftari kunaleta kelele. Msibadilishe dawa hadi wiki ya pili.

Tuseme mwishoni kunakili vibaya kumeshuka kutoka 97 hadi 19, na sababu nyingine zote zimebaki karibu pale pale, 130 badala ya 133. Jumla ni 149 kati ya 576, yaani 26 kwa mia, wakati 5B ilitoka 226 hadi 233. Msiipambe. Haijafika sifuri, na haikutakiwa kufika: mlitibu sababu moja, imetibika. Ripoti inayosema kila kitu kimepona kwa wiki tatu ndiyo inspekta mwenye uzoefu anayoitilia shaka kwanza.

Wiki ya 12: kuonyesha kazi

Dakika 15 mbele ya direkta, walimu wengine na, ikiwezekana, wajumbe wawili wa kamati ya wazazi. Kila mwanachama aseme sehemu yake, hata sentensi tatu, kwa kuwa kiongozi akisema peke yake kikundi kinakuwa chake. Mfuatano ni ule ule wa kazi: tatizo, hesabu ya kwanza, mfupa, uthibitisho, dawa, hesabu ya pili, ombi. Ombi liwe moja. Hapa: kazi ya nyumbani ipewe dakika 10 zake kwenye ratiba ya darasa la 4 hadi la 6.

Likikubaliwa, liandikwe ukurasa mmoja, libandikwe kwenye chumba cha walimu, na mwalimu mpya aonyeshwe siku yake ya kwanza. Baada ya miezi miwili hesabuni tena siku 5. Mazoea ya zamani hurudi kimyakimya, na kawaida yanarudi kwenye darasa ambalo mwalimu wake amebadilishwa.

Vinavyoua vikundi

Pesa ndiyo ya kwanza. Mradi unakuja, unalipa perdiem (posho) kwa kila kikao, kikundi kinanona; mradi unaondoka, kikao cha mwisho ni siku hiyo hiyo. Kama kuna msaada, uende kwenye karatasi, chaki na rula. Wakati huo huo mheshimu muda wa mwalimu anayekimbilia kazi nyingine mchana ili nyumbani papikwe bukari: dakika 45 ziwe 45, mtunza saa afunge kikao hata sentensi ikiwa katikati.

Cha pili ni kimya cha direkta. Pendekezo moja lisilojibiwa linavumilika. La pili likikaa hivyo, watu wanaanza kuwa na "shughuli". Ndiyo maana zile siku 14 ziliandikwa tangu mwanzo.

Cha tatu ni kulazimisha. Mwalimu asiyetaka aachwe. Kikundi kikifanya kazi nzuri atakuja mwenyewe mzunguko wa pili, na asipokuja hakuna kilichoharibika.

Kikundi cha wanafunzi

Kinawezekana kuanzia darasa la 5, baada ya walimu kumaliza mzunguko wao angalau mmoja. Watoto 6 hadi 8, wasichana na wavulana, na wasiwe wale wa kwanza darasani tu. Mtoto anayechelewa kila siku anajua zaidi kuhusu kuchelewa kuliko kapita wa darasa. Dakika 30, matatizo yanayoonekana kwa macho: taka uani, kelele za mapumziko, vitabu vya pamoja vinavyochanika, foleni ya choo. Mwezeshaji akae pembeni, si mbele. Kosa la kawaida ni mwalimu kushika kalamu "kwa sababu mwandiko wao ni mbaya": akishaishika, mawazo yote yanakuwa yake. Na tatizo lao lisiwe tabia ya mtoto anayetajwa jina. Kikundi kikigeuka polisi wa darasa, kifungeni wiki hiyo hiyo.

Kuandaa mzunguko wa pili

Likizo ya Noeli ikiisha, kiongozi wa zamani anamkabidhi mpya boksi moja. Ndani yake kuna daftari la kumbukumbu, karatasi za hesabu za 5A na 5B zikiwa na tarehe, mchoro wa mfupa uliokunjwa, barua ya jibu la direkta, na ile orodha ya matatizo 15 hadi 25 ya wiki ya 3. Orodha hiyo isomwe upya: moja limetibiwa, mawili matatu yamejimaliza, na mengine ambayo Septemba yaliitwa B sasa yanaweza kubebwa, maana direkta ameshawaona mkifanya kazi. Nguzo inayofuata kwenye mchoro wa 5A tayari inajulikana: madaftari 42 yaliyosahauliwa nyumbani. Kabla ya kuwalaumu watoto, hesabuni kwanza ni madaftari mangapi wanatakiwa kubeba kila siku, na ni wangapi wana begi.